Mustang Sinza: Utatesa, lakini mafuta je?

JUMAMOSI jioni, unaegesha ndinga ya Kimarekani pale Sinza Mori, macho yote kwako. Umetesa! Ila kabla sifa hazijakulevya, jiulize: mafuta yatafika Jumatatu?

Tuchukue Ford Mustang ya 2015, ambayo kizazi chake ndicho cha kwanza kutoka kiwandani kikiwa na usukani wa kulia, kama tunavyoendesha Bongo. Yenye V8 ya lita 5.0 ina nguvu za farasi 435. Mdogo wake, EcoBoost, ana silinda 4, lita 2.3 na farasi 310. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, zikiwa na gia za otomatiki, V8 hutembea kama kilomita 7 mjini kwa lita moja, EcoBoost kama 9. Ukizunguka kilomita 630, umeokoa lita 20. Mchezo?

Siri ya mdogo mtu ni tabo. Moshi unaotoka huzungusha feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, basi injini ndogo inapiga kazi ya kubwa. Lakini ukikanyaga kwa pupa, na yeye anakunywa kama kaka yake!

Sasa foleni ya Shekilango haijui V8. Farasi 435 wanajikongoja nyuma ya daladala, bodaboda zinawapita, na bado wanakula.

Ukitaka ujiko na akiba, chukua mdogo mtu, ukanyage kistaarabu. Ukitaka ngurumo, chukua V8. Ila usije kutukopa hela ya mafuta. Shauri yako!