MAWAZO MENGI HUUMIZA MWILI

Hapa kwetu mtu akikonda watu humwuliza, "Unaumwa nini?" Akijibu, "Siumwi, nina mawazo tu," wengine humcheka. Eti mawazo si kitu! Leo tunataka kueleza kwa nini mawazo si jambo la kuchekwa. Mawazo mazito ya muda mrefu, ambayo wauguzi huyaita msongo wa mawazo, huumiza akili na mwili pia.

Fisi zizini

Hebu tufikiri. Ni usiku, umelala. Ghafla unasikia fisi, na mbuzi wanapiga kelele zizini. Unaamka mara moja. Moyo unakwenda mbio. Unapumua haraka. Kinywa kinakauka, mikono inatoka jasho. Unashika fimbo, unatoka nje.

Je, ni nini kilichouamsha mwili hivyo? Ni ubongo. Ubongo ukiona hatari hupeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni katika damu. Homoni huufanya moyo upige kwa nguvu. Damu nyingi huenda kwenye misuli. Sukari katika damu huongezeka ili upate nguvu. Tumbo nalo hupunguza kazi, maana huo si wakati wa kusaga chakula.

Yote hayo ni mema. Bila hayo fisi angemaliza mbuzi. Fisi akienda zake, mwili hutulia, nawe unarudi kulala.

Fisi asiyeondoka

Lakini yuko fisi asiyeondoka. Sisi wa Dodoma tunamjua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mara nyingi mwezi wa pili hukatika, na uwele bado mchanga. Wengi wetu tumesimuliwa habari za Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Basi mkulima akiona majani ya mtama yanajikunja, hawazi jua peke yake. Anawaza ghala tupu. Anawaza deni la dukani na sare za watoto. Mama naye anawaza kisima kilicho mbali na mgonjwa aliye ndani.

Kwa ubongo, deni nalo ni hatari kama fisi. Huuamsha mwili vilevile. Ila deni haliondoki kukicha. Mwili unakesha wiki nyingi, hata miezi. Ng'ombe wa kulimia asiyefunguliwa nira ataanguka, na mwili wa mtu ni hivyo hivyo.

Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyekuwa Kanada, alieleza jambo hili. Aliwapa panya taabu mbalimbali, kama baridi kali na kazi nyingi. Taabu zilikuwa tofauti, lakini miili yao iliharibika kwa namna moja.

Dalili zake

Katika mwili: kichwa, shingo na mgongo huuma. Tumbo husokota. Usingizi hukatika usiku wa manane. Chakula hakipandi. Presha inaweza kupanda. Kinga ya mwili hupungua, na magonjwa hupata njia.

Katika akili: mtu husahau haraka. Hukasirika kwa jambo dogo. Hushindwa kuamua. Hulia, au hukwepa watu. Wengine hukimbilia pombe. Pombe huharibu usingizi, na asubuhi deni liko palepale, tena limeongezeka.

Tufanye nini?

Kwanza, sema. Mwambie mwenzi wako, ndugu, mzee au kiongozi wako wa dini. Mzigo wa kuni ukiwa mzito tunaomba mtu atutue. Mawazo nayo ni mzigo.

Pili, gawanya tatizo. Huwezi kuleta mvua, lakini unaweza kwenda kwa mwenye duka mkapatana kulipa kidogo kidogo.

Tatu, utunze mwili. Lala saa zilezile kila siku. Kula hata kama hamu ni ndogo. Usikae peke yako mchana kutwa.

Nne, dalili zikidumu wiki mbili, nenda zahanati. Usiseme, "Ni mawazo tu." Huenda ni malaria, presha au ugonjwa mwingine. Mweleze mganga au muuguzi yote, pamoja na yale yanayokusumbua moyoni. Na mtu akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Tuache pia mzaha mmoja. Mtu akisumbuliwa na akili, watu husema, "Huyo ni wa Mirembe." Hospitali ya Mirembe ilianzishwa hapa Dodoma mwaka 1927. Ni hospitali kama nyingine, na wapo wanaotibiwa wakarudi kulima mashamba yao. Mzaha huo huwafanya wagonjwa wajifiche. Wanakuja kutibiwa wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Wengine hawaji kabisa.

Ndugu wasomaji, jirani akikwambia ana mawazo, usimcheke. Vuta kigoda, ukae, umsikilize.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwili hufanya nini ubongo unapoona hatari?
2. Kwa nini deni linaweza kuumiza mwili kuliko fisi?
3. Katika kijiji chetu, mwenye mawazo mengi anaweza kwenda kwa nani?