Shikamoo: Kwani unamshika mzee nini?

Umesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, asubuhi unashuka Dar es Salaam na njaa yako. Mama anayeuza chai ana umri wa shosho wako. Kwa mazoea ya mtaani unamrushia, "Niaje, mathe!" Chai utapewa, lakini uso wake umefunga. Kijana aliye nyuma yako anasema tu, "Shikamoo, mama," na mama anachangamka: "Marahaba, mwanangu."

Wengi wetu huku tulikutana na neno hili darasani, kwenye somo la maamkizi, tukalikariri kwa ajili ya mtihani. Nje ya lango la shule ilikuwa "sasa" na "niaje". Ukimwamkia msee wa miaka thelathini hivi "shikamoo", anaruka: "Wacha kunizeesha!"

Sasa, maana yake. Shikamoo ni "nashika miguu" iliyofupishwa na ulimi. Hiyo "moo" ni miguu. Yaani unajishusha hadi chini, kwa maneno tu. Marahaba nayo imetoka kwa Kiarabu, na asili yake ni neno la kumkaribisha mtu.

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kidogo. Wamishonari waliokusanya Kiswahili cha Unguja karne ya 19 waliiandika kuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Si historia ya mbali. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko 1897, na pwani yetu ya Kenya ikangoja hadi 1907. Kwa hivyo ukisikia kijana akisema hawezi kulitamka neno hilo hata kwa dawa, usimcheke. Ana hoja.

Lakini mimi nalitamka, na sababu yangu ni moja: angalia nani anamwambia nani siku hizi. Zamani lilimfuata mwenye mali. Leo linafuata umri. Meneja wa miaka 35 anafika kazini na gari kubwa pale Dar, anashusha kioo na kumwambia bawabu mzee, "Shikamoo, mzee wangu." Bawabu anaitikia "marahaba" bila kubabaika, kama haki yake. Hebu waza hiyo kwa geti zetu hapa Nairobi, ambapo soja mwenye mvi ndiye anampigia saluti kijana wa kumzaa!

Na si kwamba sisi hatuna heshima ya aina hiyo. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Mombasa, watoto hubusu mkono wa bibi. Ni vile tu sisi wa mjini tumebaki na "sasa" moja ya kila mtu, kuanzia makanga hadi babu.

Ukitaka kujaribu, anza na huyo soja wa ploti yenu. Wakiwa wazee wengi pamoja, sema "shikamooni". Usimwambie wa rika lako, atadhani unamchezea. Na siku mtoto wa jirani atakuamkia hivyo wewe mwenyewe kwa ngazi, hata kama itauma, jibu si "poa". Ni "marahaba".