Mataji Mawili na Kamba ya Mtawa

Papa Yohane XXII alipomtangaza Ludoviko wa Toulouse kuwa mtakatifu mwaka 1317, ukoo wa Anjou uliotawala Napoli, kusini mwa Italia, ulipata kitu ambacho hazina yake isingeweza kukinunua, yaani ndugu wa damu aliye mbinguni. Katika kipindi hichohicho Simone Martini, mchoraji wa Siena, alimchora mtakatifu huyo kwenye ubao uliopakwa dhahabu, ambao leo umehifadhiwa katika makumbusho ya Capodimonte mjini Napoli.

Ludoviko alikuwa mrithi wa kiti cha enzi baada ya kaka yake kufariki mwaka 1295, lakini aliukataa ufalme akamwachia mdogo wake Robert, akajiunga na Wafransisko, watawa walioapa kuishi kwa ufukara, kisha akawa askofu na kufariki mwaka 1297 akiwa na miaka 23. Robert alitawazwa mwaka 1309, ilhali kaka yao aliyefariki mwaka 1295 alikuwa ameacha mtoto wa kiume ambaye naye aliweza kudai urithi.

Ndiyo sababu ubao huu una mataji mawili. La kwanza, ambalo ni thawabu ya mbinguni, malaika wawili wanalishikilia juu ya kichwa cha mtakatifu. La pili Ludoviko mwenyewe anamvika Robert aliyepiga magoti, aliyechorwa mdogo mno kwa kuwa katika sanaa ya zama zile ukubwa wa umbo ulionyesha daraja la mtu. Maua ya yungiyungi ya dhahabu juu ya buluu, nembo ya wafalme wa Ufaransa ambao Anjou walikuwa tawi lao, yameizunguka fremu, kana kwamba utakatifu na haki ya kutawala ni urithi wa damu moja.

Hata hivyo, joho la kiaskofu linapofunguka kifuani huonekana kanzu ya Kifransisko isiyo na pambo lolote, pamoja na kamba yenye mafundo, alama ya nadhiri za mtawa. Martini angeweza kuifunika kanzu hiyo kwa dhahabu, na kutoifunika kwake ndiko kunakoipa kazi hii uzito, kwa maana ufukara uliokusudiwa kuutumikia ufalme unabaki wazi katikati ya picha. Chini yake, katika safu ya picha ndogo tano, mwana huyo wa mfalme anawahudumia maskini mezani. Robert ametazamishwa upande, uso wake ukiwa wa mtu halisi anayengoja taji. Ludoviko anamvika, lakini macho yake yanatazama mbele moja kwa moja, wala hayamwangalii mdogo wake.