Maana ya Neno "Adunatos" katika Waebrania 6

Mkristo aliyetengwa na ushirika, anapotaka kurudi kundini, mara nyingi huja na swali moja: je, Waebrania 6:4-6 haijanifungia mlango? Kwa hiyo tumeona ni vema kulichunguza neno la Kiyunani ambalo hapo limetafsiriwa "haiwezekani", yaani adunatos.

Dunatos ni mwenye uwezo, a- hukanusha. Neno hili likimhusu mtu, maana yake ni dhaifu. Kiwete wa Listra alikuwa adunatos wa miguu (Mdo 14:8), na wale dhaifu wa Rum 15:1 huitwa vivyo hivyo. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu, kwani sisi nasi husema "hawezi" tukimaanisha kwamba ni mgonjwa.

Lakini katika Waebrania neno hili halielezi mtu, bali jambo. Wako waliotaka kulilainisha: Kilatini cha kodeksi Claromontanus, ya karne ya 6, husema "ni vigumu". Hatuwezi kukubali. Waraka huu walitumia pia kwa habari ya Mungu kusema uongo (6:18), damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi (10:4), na kumpendeza Mungu pasipo imani (11:6). Nani atathubutu kusema kwamba kwa Mungu kusema uongo ni vigumu tu? Wafuasi wa Novatian walilitegemea fungu hili kuwanyima upatanisho walioikana imani katika mateso ya Decius, mwaka 250. Naye Luther, katika dibaji yake ya mwaka 1522, aliliona kuwa fundo gumu.

Basi tuulize: haiwezekani kwa nani? Mwandishi hamtaji anayeshindwa kuwafanya upya. Katika Mt 19:26 Bwana alilitumia neno lilo hilo, akaliwekea mpaka: kwa wanadamu. Tena kitenzi "kumsulibisha" katika 6:6 kimo katika wakati uliopo. Wengine hukisoma kuwa ni kutoa sababu tu. Sisi twaona habari ni ya watu wanaoendelea kumsulibisha Mwana wa Mungu, wala si ya yule aliyeketi mbele ya mchungaji akilia.

Mistari mitatu baadaye mwandishi anawageukia wasomaji wake, anawaita agapetoi, wapenzi, na kusema kwamba kwao ameyakinia mambo yaliyo mazuri zaidi. Neno hilo, agapetoi, halionekani penginepo katika waraka wote.