Samaki Wakiugua, Yatazame Maji Kwanza

Nchi ya Sotik yajulikana kwa chai na maziwa. Lakini katika mabonde yaliyo chini ya mashamba ya chai, msafiri huona pia mabwawa ya samaki. Ufugaji huu si jambo geni katika Kenya. Kituo cha Serikali cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuwachimbia wananchi mabwawa katika sehemu nyingi za nchi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300 na vifaranga 1,000 hivi. Kuchimba bwawa ni kazi ya siku chache. Kuwaweka samaki katika afya njema ni kazi ya kila siku, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Tuseme mkulima mmoja ameamka alfajiri, akawakuta perege wake wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wamejikusanya mahali maji yaingiapo. Jirani yake akamwambia, “Ndugu yangu, hiyo ni tauni ya samaki. Nenda dukani ukanunue dawa.” Mkulima akanunua unga wa dawa ya kuku, akaumwaga bwawani, tena kwa kuwaonea samaki huruma akawapa chakula kuliko desturi. Kesho yake asubuhi nusu yao walikuwa wakielea, matumbo juu.

Je, waliuawa na ugonjwa gani? Hapakuwa na ugonjwa. Samaki wale walikufa kwa kukosa pumzi, na chakula kile cha huruma kiliwaongezea taabu.

PUMZI YA SAMAKI

Samaki huvuta oksijeni iliyomo ndani ya maji kwa matamvua yake. Mchana, mimea midogo sana inayoyafanya maji kuwa ya kijani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku mimea hiyo hiyo huivuta oksijeni, kama samaki wenyewe wafanyavyo, na chakula kinachooza chini ya bwawa nacho huitumia. Kwa sababu hiyo saa ya hatari ni ile kabla ya mapambazuko, hasa baada ya siku ya mawingu.

Kipimo chake ni rahisi. Tia mkono wako wima ndani ya maji, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamezidi ukijani; acha kutia samadi. Kikionekana wazi hata maji yakipita kiwiko, chakula cha asili ni kidogo.

Ukiwakuta samaki wakihema juu ya maji, usitie dawa. Fungulia maji mapya yaanguke kutoka juu, yatoe povu. Punguza maji ya chini yaliyo machafu. Wala usilishe siku hiyo. Ikiwa ni pumzi iliyopungua, mara nyingi watatulia jua likipanda. Siku nyingine wape kile tu wanachoweza kukimaliza kwa dakika 10 au 15. Kinachobaki huoza na kutoa amonia, ambayo huyaunguza matamvua yao.

UDONGO WA CHAI

Wakulima wa Sotik wana jambo moja ambalo wenzao wa sehemu zisizo na chai huenda hawanalo. Mchai hupenda udongo wenye uchachu, wa kipimo cha 4.5 hadi 5.6 hivi. Samaki hapendi uchachu huo. Maji yanayomfaa ni ya kipimo cha 6.5 hadi 9. Basi ardhi inayomtajirisha mwenye chai yaweza kumdhoofisha samaki, naye samaki dhaifu hushikwa na kila ugonjwa upitao.

Tiba yake ni chokaa. Bwawa likiwa tupu, peleka udongo ukapimwe, kisha tandaza chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoambiwa. Ikiwa bwawa lilikuwa na ugonjwa, likaushe mpaka udongo upasuke, kisha nyunyiza chokaa kali isiyozimwa mahali palipobaki unyevu, gramu 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Yaani kilo 30 hadi 45 kwa bwawa la mita 300. Funika macho na mikono, kwa maana chokaa hiyo huunguza. Kamwe usiitie katika maji yenye samaki. Jaza maji, ungoje majuma mawili, ndipo urudishe vifaranga.

BARIDI NA DAWA YA KUPE

Perege ni samaki wa maji ya vuguvugu. Hustawi katika digrii 25 hadi 30 za sentigredi, na maji yakishuka chini ya 20 hula kidogo. Katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, mwenye bwawa apunguze chakula, wala asiwavue na kuwahamisha samaki bila sababu, kwa kuwa kidonda kidogo cha wavu wakati wa baridi huota ukungu upesi. Tena asipande mikaratusi ukingoni. Kivuli chake huzuia jua, na majani yake huoza majini.

Tena kuna adui aliye karibu zaidi na nyumba. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe ni sumu kali mno kwa samaki, hata zikiwa kidogo sana. Asinyunyiziwe ng'ombe juu ya bwawa, wala pampu isioshwe katika mfereji uendao bwawani. Samaki wote wakifa kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo, pamoja na vyura, ishuku sumu kabla ya kushuku ugonjwa.

DALILI ZA UGONJWA WENYEWE

Ukisha kuhakikisha kwamba maji ni mema, na bado samaki wanadhoofika, mtoe mmoja umtazame vizuri.

Kwanza, vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi, naye samaki hujisugua chini. Hivi ni vijidudu vinavyokaa ndani ya ngozi. Vikikomaa huanguka chini, huzaa vingi, na watoto wao huogelea kumtafuta samaki mwingine. Dawa huwapata wale wanaoogelea tu. Kwa hiyo tiba ya mara moja haitoshi. Katika maji ya digrii 25 mzunguko huo huisha kabla ya juma moja. Katika maji ya baridi huchukua majuma kadhaa, na tiba nayo iendelee kwa muda huo.

Pili, kitu kama pamba juu ya ngozi. Huo ni ukungu, nao hufuata jeraha.

Tatu, mapezi yaliyolika na vidonda vyekundu. Hii ni kazi ya bakteria, na mara nyingi chanzo ni msongamano na uchafu.

Nne, minyoo ya manjano ndani ya nyama, ambayo huwatia wanunuzi hofu. Mnyoo huyu hupita kwa ndege alaye samaki, kisha kwa konokono, kisha kwa samaki. Fyeka nyasi za ukingoni, uwaondoe konokono, na mzunguko utakatika.

Kwa ukungu na vijidudu vya ngozini, chumvi ya kawaida ni msaada mwema. Yeyusha gramu 10 katika kila lita ya maji safi ya bwawa, uwaweke samaki humo kwa nusu saa, ukiwaangalia. Akilala ubavu mmoja, mrudishe mara moja. Lakini usifikirie kulitia chumvi bwawa zima. Bwawa la mita 300 lenye kina cha mita moja lina lita 300,000. Hata gramu moja kwa lita ingehitaji kilo 300 za chumvi. Dawa za bakteria za watu au za kuku usizitie kabisa, maana hukaa katika nyama ya samaki na huwafundisha bakteria kuzishinda dawa.

Mwalimu mwenye tangi la kioo darasani ashike sheria hizo hizo. Abadilishe robo ya maji kila juma. Na maji ya bomba yenye klorini ayaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

MAJI YAENDAYO MBALI

Samaki wapya wakae peke yao majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganywa na wengine, na wavu uliotumika kwa jirani ukaushwe juani. Magonjwa mengine hayana dawa. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba virusi vya perege viitwavyo TiLV vilionekana katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Kinga ndiyo tiba pekee.

Wala tusisahau kwamba maji ya Sotik hayaishii Sotik. Kipsonoi huingia Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria, ambako maelfu ya watu huishi kwa uvuvi. Samaki waliokufa wazikwe mbali na mto pamoja na chokaa, na vifo vikiendelea, afisa wa uvuvi wa kaunti aitwe kabla maji hayajafunguliwa.

Basi yule mkulima wetu, kama alfajiri ile angalifungulia mfereji badala ya kwenda dukani, angaliwaokoa samaki wengi bila kutumia hata senti moja. Msomaji mwenye bwawa na alitembelee kesho kabla jua halijachomoza, akiwa na mkono mtupu wa kupimia maji.