Jicho linaloona joto gizani

JE, msomaji, wajua kwamba mwili wako hutoa miale hata taa zikizimwa? Naam! Stima ikipotea usiku pale Nyamarambe, wewe, ng'ombe wako zizini na sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, nyote mnatoa miale ya infraredi. Macho hayaioni, ngozi huihisi kama joto. William Herschel aliigundua mwaka wa 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, mahali palipoonekana patupu, na joto likapanda.

Bila shaka umewahi kukutana na mashine za kuinasa. Wakati wa korona mwaka wa 2020, ulielekezewa moja kwenye paji la uso. Na ng'ambo ya Transmara, katika mbuga ya Maasai Mara, tangu 2016 kamera za joto zimewasaidia askari kuwanasa majangili usiku.

Mbona basi kamera kali za aina hii ni ghali? Vitambuzi bora kabisa hupozwa hadi karibu nyuzi 200 chini ya sufuri, la sivyo joto lao wenyewe huwavuruga. Kitambuzi chembamba huvurugika kidogo, lakini kina ila yake: miale mingi hukipenya na kwenda zake.

Dawa ni kuchonga. Kama vile mafundi wa Tabaka wanavyochonga mawe, wanasayansi huchonga uso wa kitambuzi, ila nakshi zao hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Nakshi hizo huikunja miale ikasafiri kimshazari ndani ya kitambuzi, isipate njia ya kutoka upesi. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoboa vitundu vidogo katika silikoni nyembamba, nayo ikanasa zaidi ya nusu ya miale, ilhali kwa kawaida mingi ingeipita.

Hata nondo, yule mdudu azungukaye taa, ana vinundu vya namna hiyo machoni, navyo hupunguza mwanga unaoakisiwa na macho yake. Wahandisi wamemwiga.

Jaribu mwenyewe leo jioni. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, ubonyeze. Kwenye simu nyingi utaona taa ikimetameta ambayo jicho lako halikuiona. Waite watoto nao watazame.