MAANDISHI HAYANA USO
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Bwana Mwalimu au Bibi Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mmoja anasikia vizuri, na kwamba ubao na chaki viko tayari, maana leo tutaandika alama chache. Na ninyi mnaosoma somo hili katika karatasi baada ya kulisikia, lisomeni polepole, kwa sauti, na kalamu iwe mkononi.

Somo letu la leo lahusu mazungumzo ya maandishi. Zamani mtu aliyejifunza kusoma na kuandika aliwaza kwanza habari ya barua. Barua hukaa njiani siku kadhaa. Mwandishi hupata nafasi ya kufikiri, na msomaji pia. Lakini siku hizi wengi wenu mna simu, na kwa simu hiyo mwaandika maneno machache na kujibiwa papo hapo. Hiyo si barua tena, ni mazungumzo. Ila ni mazungumzo ya namna ya peke yake, kwa sababu wanaozungumza hawaonani wala hawasikiani. Ndipo ugomvi unapozaliwa. Ndugu wawili waweza kununiana mwezi mzima kwa neno moja ambalo, lau lingesemwa kwa mdomo, lingewachekesha wote wawili.

Jambo hili si geni, wala haliwapati wale tu walioanza kusoma juzi. Liliwapata wasomi wakubwa, miaka mingi kabla ya simu hizi kuingia mikononi mwetu. Sikilizeni habari yao.

UBAO WA MATANGAZO USIO WA MBAO

Katika nchi ya Marekani, mji wa Pittsburgh, kuna chuo kikuu kiitwacho Carnegie Mellon. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu na wanafunzi wa kompyuta katika chuo hicho walikuwa na ubao wao wa matangazo. Lakini haukuwa ubao wa mbao uliopigiliwa ukutani. Ulikuwa ndani ya kompyuta. Mtu aliketi mbele ya mashine yake, akapiga maneno kwa vidole, na wenzake wakayasoma katika mashine zao, kila mmoja mahali pake na kwa wakati wake. Aliyetaka kujibu alijibu chini yake, na mwingine akamjibu huyo.

Ubao huo ulikuwa kama baraza la nyumba kubwa, ambapo kila apitaye huweka neno lake. Mwalimu na mwanafunzi waliandika mahali pamoja, na hoja ya mkubwa ilipingwa kama hoja ya mdogo. Na mambo waliyoandika yalikuwa ya kila namna. Mmoja atangaza kwamba kutakuwa na hotuba. Mwingine ameokota pete chooni, auliza ni ya nani. Wengine wabishana juu ya siasa, au juu ya mahali pa kuegesha magari, au juu ya jinsi herufi zinavyopangwa katika mashine ya kuandikia. Msishangae kwamba wasomi waligombana kwa ajili ya mahali pa kuegesha gari. Hata barazani kwetu, mara nyingi jambo dogo ndilo lenye kelele kubwa.

MZAHA ULIOTISHA WATU

Mwezi wa Septemba 1982 palizuka ubao huo fumbo la elimu ya maumbile. Mtu mmoja aliuliza hivi: Tuseme ndani ya lifti mna mshumaa unaowaka, na sakafuni pana tone la zebaki. Lifti ni kile chumba kidogo kinachopandisha na kushusha watu katika jumba la ghorofa nyingi, nacho huning'inia kwa kamba ya chuma. Kamba ikatike, lifti ianguke. Je, mshumaa utakuwaje, na zebaki itakuwaje?

Ni swali zuri. Ndimi za moto wa mshumaa hupanda juu kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, nayo huinuka. Lakini ndani ya kitu kinachoanguka, vitu huwa kama havina uzito. Kwa hiyo hewa ya moto haiinuki tena, na mwali hufanya umbo la mviringo na kufifia. Wasomi wale wakaanza kufurahia fumbo hilo.

Hapo mwingine akatia mzaha. Akaandika onyo, kwa maneno makavu kama ya ofisini, kwamba kwa sababu ya majaribio yaliyofanywa, lifti moja ya jumba lao imeingiwa na zebaki, tena imeungua kidogo.

Kwa wale waliofuata mazungumzo tangu mwanzo, hicho kilikuwa kichekesho. Lakini mtu aliyefika wakati ule, akasoma onyo lile peke yake, angejuaje? Zebaki ni sumu. Mvuke wake ukivutwa pumzini hudhuru mwili. Basi wako waliosadiki kwamba hatari ni ya kweli. Ikabidi watu waelezwe kwamba lifti ni nzima na hakuna kilichomwagika.

Angalieni jambo hili kwa makini. Aliyeandika hakukusudia kumtisha mtu. Waliosoma hawakuwa wajinga. Kosa halikuwa la mmoja wao. Lilitokana na maandishi yenyewe, kwamba hayana uso wala sauti. Lau mzaha ule ungesemwa mlangoni pa lifti, msemaji angetabasamu, na jambo lingekwisha hapo.

ALAMA YA KICHEKO

Wasomi wale wakaanza kushauriana. Wakasema: Na tuweke alama, ili aandikaye mzaha ajulikane kuwa afanya mzaha. Mmoja akataka alama ya nyota. Mwingine akapendekeza alama hii, &, akisema kwamba umbo lake ni kama la mtu mnene anayecheka mpaka anatikisika.

Ndipo tarehe 19 Septemba 1982, saa 5 na dakika 44 asubuhi, mtaalamu wa kompyuta wa chuo hicho, Bwana Scott Fahlman, alipoandika shauri lake kwa maneno machache. Alisema alama ya mzaha iwe hii. Bwana Mwalimu, iandike ubaoni:

:-)

Ni nukta mbili, kistari, na mabano ya kufunga. Sasa, wanafunzi, inamisheni kichwa upande wa kushoto mwitazame. Nukta mbili ni macho. Kistari ni pua. Mabano ni kinywa kinachotabasamu. Na kwa jambo lisilo mzaha alitaja alama ya pili, yenye mabano yaliyogeuzwa, kinywa kimenuna:

:-(

Mashine zao hazikuweza kupeleka picha katika ubao ule, ila herufi, tarakimu na alama za uandishi. Kwa hiyo alichukua alama tatu ambazo kila mashine ilikuwa nazo, akazifanya uso. Shauri hilo lilipendwa, na kwa muda mfupi likaenea hata vyuo vingine. Leo simu zina vijipicha vya nyuso za kucheka, kulia na kukasirika, navyo hutumika kwa haja ile ile.

SAUTI YA KISWAHILI

Pengine mtasema: Hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa sababu Kiswahili chategemea sauti kuliko tunavyodhani. Mtu akikuambia, "Amekuja," akukupa habari. Akipandisha sauti kidogo mwishoni, "Amekuja?" akuuliza. Maneno hayakubadilika hata kidogo. Sauti tu ndiyo iliyobadilika. Na sauti haipandi karatasini. Kinachoshika mahali pake ni alama ndogo ya kuuliza.

Sasa tuseme hivi. Kijana afanya kazi mjini. Amempa dereva wa basi bahasha yenye fedha za ada ya mdogo wake, aipeleke kwa mama yake kijijini. Jioni amwandikia mama kwa simu: "Fedha zimefika". Yeye auliza. Lakini mama asoma kuwa ni habari, aelewa kwamba fedha zimekwisha fika shuleni. Ajibu: "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Kijana naye akisoma hivyo apata raha, adhani mama ameshika bahasha mkononi. Kila mmoja alala kwa amani, na bahasha ingali katika basi. Jumatatu mtoto arudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Hakuna mwongo hapo, wala mzembe. Ilikosekana alama moja.

Mkato nao ni vivyo hivyo. "Baba Juma amekuja" maana yake ni kwamba aliyekuja ni baba yake Juma. "Baba, Juma amekuja" maana yake ni kwamba namwita baba, nampa habari za Juma. Mmoja amekuja katika sentensi ya kwanza, mwingine katika ya pili, na kinachowatenga ni kialama kidogo kama mkia wa panya.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Kwanza, tia alama. Ukiuliza, weka alama ya kuuliza. Ukitaka kuepuka shaka kabisa, anza na neno "Je". Usiwaze kwamba alama ni mapambo ya walimu. Ndizo sauti yako karatasini.

Pili, ukifanya mzaha, mwonyeshe msomaji kwamba ni mzaha. Waweza kuweka uso unaocheka, au kuandika waziwazi, "Nakutania". Lakini mjue kwamba alama ya kicheko haisafishi tusi. Neno linaloumiza huumiza hata likifuatwa na nyuso kumi zinazotabasamu.

Tatu, usikasirike kabla ya kuuliza. Ukisoma neno likakuchoma, lisome tena, mara hii kwa sauti ya upole, kama kwamba mwenzako ameketi mbele yako. Je, lingali linachoma? Kama lingali hivyo, mwulize: "Ulikuwa na maana gani?" Na ukiwakuta watu katikati ya mazungumzo, soma yaliyotangulia kwanza. Walioogopa zebaki walikuwa wameukuta mkia wa maneno, kichwa hawakukiona.

Nne, jambo zito liseme kwa mdomo ikiwezekana. Habari ya msiba, posa, deni au ugomvi wa nyumbani yafaa mtu aisikie kwa sauti ya mwenziwe. Ikibidi uandike, andika, kisha usome tena kabla ya kupeleka. Maana maandishi hukaa. Ujumbe ule wa Bwana Fahlman ulipotea muda mrefu, watu wakadhani hautaonekana tena. Lakini mwaka 2002 ulipatikana katika kanda za zamani zilizotunza kumbukumbu za kompyuta, neno kwa neno, baada ya miaka 20. Ujumbe wake ulikuwa wa heri. Lakini hata tusi lingetunzwa vivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini onyo la lifti liliwatisha watu wengine, na wengine likawachekesha?

2. Someni kwa sauti: "Mtoto amelala." Kisha: "Mtoto amelala?" Sauti yabadilika wapi?

3. Katika habari ya kijana na mama yake, andikeni upya maneno ya kijana ili mama asiweze kukosea. Mama naye angeandika nini ili mwanawe ajue kwamba bahasha haijafika?

4. Tieni mkato mahali pake, ili mwandishi awe anamwita mama: "Mama Asha anaumwa".

5. Kila mmoja amwandikie mwenzake maneno mawili ya utani. Mwenzake ayasome, aseme kama aliyaelewa kuwa ni utani, na kwa nini.

Ndugu wanafunzi, mmefanya kazi kubwa kujifunza herufi, wengine baada ya shamba na jiko kuchosha mikono. Herufi mmekwisha zishika. Sasa zipeni uso na sauti, ili ndugu aliye mbali akisoma maneno yenu ayasikie kama mlivyoyasema. Fanyeni zoezi la tatu leo leo, kabla hamjaondoka darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.